Njaa peke yake haileti uasi: Uingereza ya 1549 na ya 1596

Uasi wa Uingereza karne ya 16 ukielezewa, wengi wanamaliza kwa neno moja tu, njaa. Hoja ina uzito, sikatai. Watu walikuwa wanaongezeka na ardhi ni ileile, halafu kuanzia 1544 Henry VIII akawa anapunguza madini ya fedha kwenye sarafu ili alipie vita vyake, bei zikapaa, ujira ukabaki nyuma. Juu ya hapo makabaila wameona sufu inalipa, wanazungushia uzio malisho ya kijiji au wanayajaza kondoo wao mpaka ng'ombe wa mlalahoi anakosa pa kula.

Julai 1549 Norfolk, jimbo la mashariki, ikalipuka. Watu wa Wymondham walikuwa wanang'oa nyuzio za wakubwa, wakafika kwa Robert Kett, naye ana mashamba na biashara ya ngozi, sio masikini kabisa, ila badala ya kuwafukuza akakubali uzio wake ung'olewe na akawa kiongozi wao (nini kilimwingia yule mzee sijui!). Wakapiga kambi Mousehold Heath nje ya Norwich, wanakadiriwa 16,000, wakaandika madai 29: kodi za kupanga ardhi zirudi kama 1485, makabaila wasichunge mifugo yao kwenye malisho ya wote, waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana waachiwe huru. Kumpindua mfalme hamna humo.

Sasa wale wa upande wa dini wanasema, mbona mwaka huohuo Devon na Cornwall, kusini magharibi, waliinuka kukataa kitabu kipya cha sala cha Kiingereza, wanataka misa yao ya Kilatini? Na kweli, kambi ya Kett kitabu hichohicho walikuwa wanakitumia, bei zimepanda kwa wote na mfalme ni mmoja, so dini huwezi kuiita kisingizio tu. Ila hata wale wa Devon walilalamikia kodi mpya ya kondoo, kwahiyo uchumi nao haukosekani.

Kinachonisumbua mimi ni 1596. Mavuno yameharibika toka 1594, watu wana njaa kweli kweli, seremala mmoja Bartholomew Steer akawaita wenzake wakutane Enslow Hill, Oxfordshire, wakavunje nyuzio na kuua makabaila. Wakatokea wa kuhesabu kwa vidole, wakasubiri weee, wakarudi makwao.

Mtu atasema waliogopa, maana Kett alinyongwa na watu wake wakachinjwa kwa maelfu pale Dussindale na jeshi lililokuwa na mamluki wa Kijerumani. Inawezekana, ila mi naona kubwa ni kwamba 1549 walikuwa na wenye uwezo kama Kett na waliamini serikali iko nao, si Somerset aliyetawala kwa niaba ya mfalme mtoto Edward VI, mwana wa Henry, alishatuma tume ya kuchunguza nyuzio 1548? Kufika 1596 wengi wa tabaka la kina Kett walikuwa wananeemeka kwa kuuza nafaka bei ya juu, waandamane na nani?

Na hofu ingekuwa ndo sababu kuu, 1607 maelfu wasingeinuka tena majimbo ya kati. Kiongozi wao John Reynolds, aliyejiita Captain Pouch, aliwaambia ana idhini ya mfalme kung'oa nyuzio, wakamwamini. Idhini haikuwepo, na pale kijiji cha Newton makabaila waliwaua kama 40 hivi.