Huyo mtoto hajatulia

Jumamosi iliyopita, kwenye kikao cha wazazi, baba mmoja alisimama kutoa shukrani. Mwanawe alikuwa mkorofi, hapiti siku hajapigana. Tangu wakubwa wa bwenini "wamnyooshe", katulia tuli, hata likizo sauti yake haisikiki nyumbani. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi mikono iligoma, maana nilikuwa nimemkumbuka mjusi.

Kusini mashariki mwa Marekani yuko mjusi mdogo wa kijani, anoli. Madume wawili wakikutanishwa pamoja, hawaelewani: watajitutumua, watatanua ngozi ya kooni yenye wekundu, watapiga pushapu, mwisho wang'atane mataya. Ugomvi ukipamba moto homoni iitwayo adrenalini hupanda, na nyuma ya jicho hutokea doa jeusi. Mara nyingi doa humuwahi atakayeshinda, na mwenzake akiliona ukali humpungua. Kinachobadilisha rangi ya ngozi yake ni homoni zinazotembea kwenye damu, kwa hiyo yaliyomo ndani unayasoma mgongoni.

Sasa mtazameni aliyeshindwa. Mbabe amerudia ukijani wake, amekwea juu ya kijiti. Huyu kabaki na rangi ya kahawia, kajibana chini, majike hawatongozi, changamoto hajibu tena. Mwaka 1984 mtafiti Neil Greenberg na wenzake walionyesha kwamba dume mnyonge anayeishi na mbabe wake ana kotikosteroni nyingi damuni, homoni ya msongo inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Homoni hiyo si ubaya mtupu. Ikipanda kwa muda mfupi humpa mnyama nguvu ya kujiokoa. Tatizo ni mbabe ambaye haondoki, asubuhi yupo, jioni yupo. Na mwaka 1987 Richard Tokarz aliwapa kotikosteroni madume wa jamii nyingine, anoli wa kahawia, nao ugomvi wao ukapungua. Hakuna aliyewafunza adabu. Ilitosha homoni.

Mtu si mjusi, sawa. Watoto wengine wakipigwa huwa wakali zaidi, hilo nalo nalijua. Lakini tunapomwona mtoto kanyamaza ghafla na kusema amekua, tunamsoma mjusi wa kahawia na kumwita mpole.

Nasema hivi kwa sababu nimekuwa mtoto huyo. Nilipokuwa darasa la sita kulikuwa na kijana aliyeninyang'anya chakula muhula mzima. Mwalimu akaandika kwenye ripoti yangu: "Tabia imebadilika, ametulia." Mama aliibandika ukutani. Muhula ule sikuwahi kuomba ruhusa ya kwenda chooni wakati wa masomo, kwa kuhofia kumkuta koridoni. Nilikuwa nalala nimevaa viatu. Nani alijua? Kwenye ripoti hapakuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Tunao uwezo wa kupima damu ya mjusi ambaye, ukiacha mkia, hazidi urefu wa kiganja tukajua anateseka, halafu mtoto anayeongea lugha yetu hatumuulizi hata swali moja!

Kikao kilipoisha nilimfuata yule baba getini. Nikamsalimia, nikamuuliza kama kijana bado anacheza mpira, maana nilikuwa namwona zamani uwanjani, golikipa mzuri.

"Mpira ameacha," akasema. Akasimama kidogo, funguo za pikipiki mkononi. "Na kula pia anakula kidogo, sasa ulivyouliza."