Ukiuza mkanda wa pikipiki ya theluji, taja pichi

Jirani yangu hapa kaskazini mwa Minnesota kapigwa. Kaona tangazo la mkanda uliotumika, yaani ule mpira mpana wa chini unaoisukuma pikipiki ya theluji: "121, hali nzuri, unaingia pikipiki yoyote." Akalipa taslimu, akaurusha nyuma ya pikapu. Jumamosi nzima tumeshusha reli, tumechomoa shafti, tumeuvalisha. Kuuzungusha kwa mkono tu, meno ya shafti yakaanza kupanda juu ya vinundu vya ndani badala ya kukaa katikati yake. Muuzaji alipopigiwa simu, jibu lake likawa kwamba mkanda ni mkanda, urefu si ndio huo huo?

Hapana. Urefu peke yake hautoshi, na kauli hii imenichosha, kwa sababu anayeisema halipii chochote. Analipa mwingine.

Kinachoamua ni pichi, yaani umbali wa inchi kutoka katikati ya safu moja ya vinundu vya mkanda hadi katikati ya safu inayofuata. Pikipiki nyingi za zamani zinatembea na 2.52. Nyingi zilizofuata ni 2.86, na za milimani utakuta 3, hata 3.5. Mkanda wa inchi 121 wenye pichi ya 2.52 una safu 48. Wa inchi 120 wenye pichi ya 2.86 una safu 42. Ukiilaza miwili sakafuni, tofauti ya urefu ni inchi moja, nani ataiona? Lakini meno ya 2.86 hayakai kwenye 2.52, kama ambavyo cheni ya 428 ya bodaboda haikai kwenye spoketi ya 520. Fundi wa Kariakoo hakuuzii cheni kabla hajakuuliza namba. Iweje hapa, kwenye mkanda wa mamia ya dola, tuuziane kwa kukisia?

Kupima hakuhitaji fundi. Usipime safu moja, maana tofauti ya 2.52 na 2.86 ni kama theluthi ya inchi na mpira uliolika hudanganya. Weka futi kamba katikati ya safu ya kwanza, ivute hadi katikati ya safu ya kumi na moja. Ukipata 25.2, hiyo ni 2.52. Ukipata 28.6, ni 2.86. Ukipata 30, ni 3. Ni kazi ya dakika moja, na muuzaji ndiye mwenye mkanda mkononi. Aifanye yeye.

Wapo watakaosema pichi si tatizo, badilisha meno ya shafti. Sawa, yanabadilika. Ila ufungue boksi la cheni, umwage oili, utoe meno kwa presi, uingize mengine na kuhakikisha yote yamenyooka mstari mmoja. Nani ana presi nyumbani? Nakubali pia kwamba mikanda ya kampuni tofauti huingiliana, kwani mingi imetoka kwa mtengenezaji mmoja, Camso wa Quebec, ambaye Michelin ilimnunua mwaka 2018. Kwa hiyo nembo ya pikipiki si hoja. Namba ndiyo hoja.

Upana nao: inchi 15 na 16 si kitu kimoja. Na kashata, vile vinundu vya nje vinavyong'ata theluji, za inchi mbili na robo usizipeleke kwenye pikipiki iliyojengewa inchi moja na robo kabla ya kupima nafasi ya juu. Zikigonga rejeta iliyo juu yake, maji yote chini na injini inachemka.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu mkanda unaoruka meno hausubiri ufike gereji. Unakuacha katikati ya barafu ya ziwa la Red Lake, usiku, nyuzi 30 chini ya sifuri, simu haina mtandao. Wengi wetu tumejifunza kuvua kwenye barafu tukiwa watu wazima, na tunanunua mitumba kwa sababu mpya hatuziwezi. Watoto wetu wanapanda nyuma ya pikipiki hizo. Mtu anayeandika "unaingia yoyote" bila kupima anacheza na hao watoto, na sioni namna ya kulisema kwa upole.

Kwa hiyo mnunuzi, nenda na futi kamba yako na pichi ya shafti yako imeandikwa kwenye karatasi. Pima kabla hujatoa pesa, kisha zihesabu safu zote. Urefu ukiugawa kwa idadi ya safu usipopata namba iliyo kwenye karatasi, mwachie mkanda wake.