Kidole Changu Kinamsajili Mwingine, Mimi Kinanikataa

Mimi ni fundi wa kufyatua matofali hapa Mbagala, na kwa kuwa saruji haina huruma na ngozi, vidole vyangu vimesuguka hata mashine za alama za vidole zikadhani nimezikabidhi kiazi. Nikienda kusajili laini, kijana wa chini ya mwamvuli hunifuta dole gumba kwa pindo la shati lake, hulipulizia pumzi ya moto, hulibana kwenye kile kioo kidogo chenye mwanga mwekundu, kisha hutikisa kichwa kwa huzuni na kusema, "Mzee wangu, imekataa. Weka tena." Naweka tena. Inakataa. Tunahamia kidole cha shahada, tunahamia mkono wa kushoto, na watu wa foleni nyuma yangu wanaanza kuulizana kama mimi ni raia.

Sasa niwaulize wenzangu wenye akili: kila ninapoambiwa niweke tena, nani anajua ile ya kwanza ilikataa kweli? Kioo cha kishikwambi kimemwelekea yeye, mimi naona mgongo wa kifaa na stika ya timu anayoishabikia. Mamlaka zenyewe zimekwisha kutuonya kwamba wapo mawakala wasio waaminifu ambao hukurudisha kidole ili wasajili laini ya pili kwa jina lako na kuiuza kwa matapeli. Nilipopiga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nikakuta ninamiliki laini ambayo sijapata kuiona. Kumbe kidole hiki kinachonikataa mimi mwenyewe mchana kweupe kilimkubali mtu mwingine bila hata kupulizwa. Tangu hapo, nikipokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", kabla sijakasirika huwa najiuliza kama si mimi niliyeutuma.

Tumetoa vidole vyetu kwa moyo mweupe, jamani. Mwaka 2015 tulivitoa kwenye mashine za kuandikisha wapiga kura, tukavitoa tena kwenye kitambulisho cha taifa, na kuanzia 1 Mei 2019 tukaambiwa laini zote zisajiliwe kwa alama za vidole, la sivyo zizimwe. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, na Dar es Salaam nzima ikahamia kwenye foleni za kutafuta namba, maana bila namba ya kitambulisho kidole peke yake hakina kazi. Namba yenyewe ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Kwa hiyo kila mlinzi wa geti anayeinakili kwenye daftari lake anaondoka na umri wangu, ambao hata mama watoto nilimpunguzia kidogo.

Sipingi serikali kumtambua raia wake. Ninachouliza ni kwamba vitu hivi vikishachukuliwa vinalala wapi, na funguo anazo nani. Nywila ya simu ikivuja naibadilisha kabla chai haijapoa, lakini kidole kikivuja nitakwenda duka gani la Kariakoo kununua kingine? Na msiniambie wakubwa hawaibiwi. Mwaka 2015 Marekani, pamoja na ubabe wake wote, ilikiri kwamba wadukuzi waliiba alama za vidole za watu wapatao milioni 5.6 kutoka idara inayotunza kumbukumbu za watumishi wa serikali. Ujerumani, mwaka 2008, wanaharakati wa kompyuta waliichukua alama ya kidole ya Wolfgang Schäuble, waziri wa mambo ya ndani, kwenye glasi aliyonywea maji, wakaichapisha gazetini mwao. Tangu niliposikia habari hiyo, nikimaliza kula kwa mama lishe huifuta glasi kwa leso kabla sijairudisha, naye amekwisha kuniuliza kwa ukali kama namaanisha vyombo vyake ni vichafu. Nimemweleza habari za waziri wa Ujerumani; akaniambia nilipe na madeni ya wiki iliyopita.

Haki yangu naijua. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha yangu, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ambayo inaziweka alama za mwili miongoni mwa taarifa nyeti na kumtaka anayekusanya aniambie anakusanya kwa madhumuni gani. Tume ya kuisimamia nayo ilizinduliwa Aprili 2024. Basi nikamwuliza kijana wa mwamvuli, kwa adabu zote, taarifa zangu zitatumika kwa madhumuni gani na zitahifadhiwa kwa muda gani. Akanitazama, akaitazama foleni, akasema, "Baba, zinaingia kwenye sistimu." Nikamwuliza sistimu iko wapi. Akanyoosha mkono kuelekea mjini, upande wa Posta, ingawa ungeweza pia kuwa upande wa Feri.

Na ugonjwa huu umeshuka hadi mtaani. Chama chetu cha kufa na kuzikana kinataka kununua mashine ya vidole ili kudhibiti wanachama wanaosaini mahudhurio na kutoroka. Nilisimama nikauliza alama hizo atazitunza nani. Nikajibiwa kwamba ni katibu, yule yule ambaye daftari la michango limepotelea kwake na ambaye simu yake haina hata nywila kwa sababu mtoto wake huchezea magemu. Nimewaambia mimi nitaendelea kusaini kwa kalamu, na wakitaka faini waiandike kwenye daftari hilo hilo wakilipata.