Kili Time au Forester? Fungua boneti kwanza

Ubishi wa "Kili Time", yaani Toyota RAV4 ya kizazi cha pili, na Subaru Forester SG5, nayo ya kizazi cha pili, hapa Dodoma huwa unamalizwa kwa maneno mawili: Forester inakimbia. Ni kweli, ila ni kweli ya ile yenye turbo, ya nguvu farasi 220. Isiyo na turbo, kwa injini yake ya lita 2.0, inatoa takribani 140. Kili Time ya lita 2.0 iliyotoka Japani inatoa 152, na ni nyepesi kidogo. Anayeongeza hela apate Forester ya kawaida akidhani ananunua mbio, ameuziwa sifa za nduguye.

Njia ya Iringa huzianika zote. Ukishavuka Mtera ukaanza kupanda Nyang'oro nyuma ya lori lililoshiba mzigo, gari lisilo na turbo litashusha gia, lipige kelele, na kuovateki kutasubiri. Otomatiki zote mbili ni za gia nne, kwa hiyo injini ikishuka mzunguko inachelewa kurudi. Mwinuko nao unakula nguvu: hata Dodoma mjini, mita 1,100 na ushei juu ya bahari, injini ya kawaida imeshapoteza kama asilimia 10. Turbo inajisukumia hewa, haiumii sana.

Kwenye kona hadithi inageuka. Injini ya Forester imelala, silinda zikitazama pembeni, hivyo uzito uko chini na gari linashika barabara. Kili Time inainama. Abiria wa nyuma anatafuta pa kushika. Hapa sioni cha kubishania.

Forester pia inavuta kwa magurudumu manne muda wote. Kili Time ya lita 2.0 zipo za hivyo, lakini ya lita 1.8, yenye nguvu farasi 125, inavuta kwa mbele tu. Gurudumu la akiba mlangoni linadanganya wengi, hadi wakutane na mchanga wa korongo.

Upande wa fundi, Forester ina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita laki moja hivi. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni. Plagi zimejificha ubavuni. Kili Time ina cheni, lakini ile ya lita 2.0 ya D-4 inapuliza petroli ndani ya silinda moja kwa moja, masizi yanajaa kwenye valvu za hewa na silensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, inaanza kutetemeka.

Kama safari zako ni mjini na Mtumba kwenye Mji wa Serikali, matuta na rasta (vituta vidogo vya mfululizo), ningechukua Kili Time ya lita 2.0, baada ya kuiwasha asubuhi ikiwa baridi na kusikiliza silensa. Anayekwenda Iringa au Kondoa mara kwa mara na watoto nyuma, Forester isiyo na turbo, kwa utulivu wake. Ya turbo ningeigusa tu kama namjua aliyekuwa akiibadilisha oili.