Eti mimi ndo nawamulikia madereva

Gari langu la mwaka 1998, nalipenda, ila lilikuwa na ugonjwa mmoja wa kijinga, taa kubwa zinazima zote mbili kwa pamoja halafu ukishuka kuangalia unakuta zinawaka. Gereji ndo hazisumbui kabisa, mpaka fundi anakuangalia kwa jicho la "huyu nae". Tulibadilisha globu, tukabadilisha fyuzi, kuna fundi akachomoa rilei ya taa, kile kiswichi cha umeme, akaiweka kwenye honi na ya honi kwenye taa kwa vile zinafanana, honi ikalia vizuri tu na taa zikaendelea na mambo yake. Wote walilipwa na wote walisema "hapo tayari bosi".

Basi ikaja siku ya kumrudisha mama mkwe Muheza. Tulipanga kutoka Dar mapema lakini si unazijua safari za wakwe, mara boksi limesahaulika, mara anaaga tena, ongeza foleni ya Kimara mpaka Kibaha, tunaiacha Chalinze giza linaingia. Mbele ya safari trafiki wakatusimamisha, wakaangalia leseni, nendeni. Hatujafika mbali, pap! Taa hakuna. Nikabaki na za paking na hazadi, nikapunguza mwendo nikaganda nyuma ya lori. Mama mkwe kule nyuma akaanza kukemea kwa sauti, tukapanda tuta, kidu! zikawaka.

"Umeona baba? Limekimbia!"

Kuanzia hapo ikawa ndo utaratibu, zikizima anakemea, tuta linakuja, zinawaka, anashukuru. Mimi ningebishana vipi na mama mkwe? Nikawa naomba vijiji viwe karibu karibu tu ili matuta yaje haraka, mimi ambaye siku zote nayatukana.

Kumbe kuna jingine linaendelea. Barabara zetu hizi dereva akikumulikia zima washa maana yake trafiki wapo huko unakokwenda. Sasa za kwangu zima washa bila mpangilio, kila anayekuja anajua kaambiwa kitu, basi moja lilikuwa linakuja kwa fujo likashuka mpaka 50 kwa adabu zote, wengine wananipigia honi ya asante. Nikawa napunga mkono, ningefanyaje.

Mbele tukasimamishwa tena. Afande hata salamu hakunijibu.

"Wewe ndo unatuharibia kazi? Wenzangu huko nyuma wana tochi ya kupima spidi, tangu upite hakuna aliyezidi 50."

"Afande, taa mbovu, zinazima zenyewe."

Tukaziangalia wote wawili. Zinawaka kama za Uwanja wa Mkapa. Mama mkwe akatoa kichwa dirishani, nilijua tu, "Afande, zilikuwa na pepo, nimeshalitoa."

Nikaona hapa nisipothibitisha nalala ndani. Nikapiga boneti, wapi. Nikaegemea mbele nikalitikisa gari kwa nguvu zangu zote, pap! giza. Aisee nilivyofurahi, "Umeona afande? Umeona?" Akasema nimeona, akachomoa mashine, gari bovu barabarani usiku, 30,000, na hutoki hapa mpaka kuche.

Tukalala gesti. Asubuhi akaitwa fundi umeme, kijana mdogo, swali lake likawa moja tu, zinazima moja au zote? Zote. "Bro, globu mbili haziungui pamoja zikapona pamoja." Akachukua kipande cha waya, huku kwenye negativu ya betri, huku kwenye ethi ya taa, yaani ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, akaniambia tikisa. Natikisa, zinawaka tu. Akatoa waya, tikisa, zikazima. Akaufuata waya wa ethi mpaka kwenye bolti yake pembeni ya taa, kumbe siku gari lilivyonyooshwa bodi walipuliza rangi mpaka hapo, kile kijicho cha waya kimekaa juu ya rangi, bolti nayo ina kutu, umeme unapita kwa kubahatisha, mtikisiko unakata, tuta linarudisha. Akakwangua mpaka bati likang'aa, bolti mpya, grisi juu yake, 5,000.

Nikampelekea mama mkwe ile bolti ya zamani nikamweleza taratibu kabisa, mama, ni kutu hii ndo ilikuwa inakata umeme. Akaipokea, akaigeuza geuza.

"Sawa baba, kutu. Nani kaituma?"