Sakafu za kuinuliwa na hesabu ya kaboni: tamko la kiwandani linatuambia nini?

Ukiinua kigae kimoja cha sakafu katika ofisi ya kisasa ya London au Frankfurt, au katika chumba cha seva cha benki yoyote kubwa Nairobi, hukuti zege. Unakuta nafasi tupu yenye nyaya za umeme na za mtandao, na safu za nguzo fupi za chuma zilizobeba sakafu yote. Hiyo ndiyo sakafu ya kuinuliwa. Ilianza kwenye vyumba vya kompyuta kubwa za zamani, kisha ikaenea maofisini kila meza ilipohitaji kompyuta yake. Kigae chake, karibu popote duniani, ni sentimita 60 kwa 60. Kipimo hicho kina umuhimu wake, na tutakirudia.

Zulia likishatandikwa juu yake, hakuna anayeikumbuka. Ila ina uzito mkubwa. Chukua aina iliyozoeleka Uingereza: ubao wa chenga za mbao wenye unene wa milimita 30, uliovikwa bati la chuma juu na chini. Mita moja ya mraba inakaribia kilo 30. Aina ya jasi inayopendwa Ujerumani na Italia, yenye unene wa milimita 36, inafika kilo 54. Kwa hiyo ofisi ya mita za mraba 1,000 ina tani 30 hadi 50 na zaidi za vigae, kabla hujahesabu nguzo. Mzigo wa namna hiyo hauna budi kuingia kwenye hesabu ya kaboni ya jengo, na hapo ndipo viwanda vinapotakiwa kutoa tamko la kimazingira la bidhaa, ambalo wengi katika fani wanalijua kwa kifupi chake cha EPD.

EPD ni hati inayotokana na tathmini ya mzunguko mzima wa maisha ya bidhaa. Msingi wake ni kiwango cha ISO 14025 cha mwaka 2006, na kwa bidhaa za ujenzi Ulaya, kiwango cha EN 15804. Mhakiki huru huipitia, kisha husajiliwa na taasisi kama IBU ya Berlin au mfumo wa kimataifa wenye makao yake Stockholm, na kwa kawaida hudumu miaka 5. Ndani yake maisha ya bidhaa yamegawanywa kwa herufi: A1 hadi A3 ni malighafi na kiwanda, A4 na A5 ni usafiri na ufungaji, B ni kipindi cha matumizi, C ni kubomoa na kutupa, na D ni faida inayoweza kupatikana nje ya maisha hayo, kwa mfano chuma kinaporudi tanurini.

Hati hii haisemi kwamba bidhaa ni nzuri. Inasema tu kwamba kilichopimwa ni hiki. Kiwanda chenye uchafuzi mkubwa kuliko vyote kinaweza kuwa na EPD halali kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu kwenye zabuni nyingi hati hii inachukuliwa kama cheti cha kufaulu.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Bila EPD, mbunifu wa majengo anabaki na vipeperushi vya mauzo vyenye picha ya jani la kijani. Anapopata namba iliyohakikiwa, anaweza kukibana kiwanda kwa maswali: chuma chenu kimetoka wapi? Swali hilo peke yake lina faida kubwa. Kwa wastani wa dunia, tani moja ya chuma kinachotoka kwenye tanuri la makaa hutoa takriban tani 2.3 za hewa ukaa, wakati cha tanuri la umeme linaloyeyusha vyuma chakavu hutoa chini ya tani 1. Vigae viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutofautiana sana kwa sababu hiyo tu, na bila hati mnunuzi hawezi kulijua hilo.

Ufaransa imekwenda mbali zaidi. Chini ya kanuni zake za RE2020, zilizoanza kutumika mwaka 2022, jengo jipya lazima lihesabiwe kaboni ya vifaa vyake. Kama kiwanda hakina tamko lake, msanifu analazimika kutumia takwimu mbadala za serikali, na takwimu hizo zimepandishwa makusudi. Anayekaa kimya anahesabiwa vibaya kuliko hali yake halisi. Naona huu ni utaratibu wa haki, maana haumkatazi mtu kuuza, bali unaondoa faida ya kuficha. Umoja wa Ulaya nao unaelekea huko: kanuni mpya ya bidhaa za ujenzi, namba 2024/3110, ilipata nguvu ya sheria Januari 2025 na itafanya tamko la kaboni kuwa wajibu hatua kwa hatua, kundi moja la bidhaa baada ya jingine.

Wenye viwanda, hasa vidogo, wanalalamika, na si kwa ubishi mtupu. Tathmini inataka mtaalamu, uhakiki unalipiwa, usajili unalipiwa, na baada ya miaka 5 unaanza upya. Kampuni kubwa yenye viwanda nchi nne inagawanya gharama hiyo kwenye mauzo mengi. Karakana ya watu ishirini haiwezi. Halafu kuna suala la ulinganifu, na hapa ningependa kukaa kidogo.

Rudi kwenye kile kigae cha chenga za mbao. Mti ulipokuwa ukikua ulivuta hewa ukaa, na kilo moja ya mbao kavu inahifadhi takriban kilo 1.8 za hewa hiyo. Katika mita moja ya mraba ya vigae, ukitoa gundi na unyevu, kuna kilo 17 au 18 za mbao kavu, yaani kilo 30 hivi za hewa ukaa iliyofungiwa humo. Bati lake la chuma lina kilo 8. Likiwa limetoka kwenye tanuri la makaa, limezalisha kilo 18 hivi. Ukijumlisha hatua za A1 hadi A3 peke yake, mbao inakula deni la chuma, na kigae kinaweza kuonekana kana kwamba kinasafisha hewa! Lakini siku kigae kikichomwa mwisho wa maisha yake, zile kilo 30 zinarudi angani zote, na zinaandikwa kwenye C. Mpaka toleo la EN 15804 la mwaka 2019 lilipotoka, kiwanda kiliruhusiwa kutangaza A1 hadi A3 tu na kunyamazia mengine. Sasa C na D ni lazima kwa karibu bidhaa zote, na kaboni ya asili ya mimea inaandikwa kwenye mstari wake. Ni marekebisho mazuri sana. Hata hivyo mnunuzi mwenye haraka bado anatazama safu ya kwanza ya jedwali na kufunga ukurasa.

Jasi ina hadithi yake. Sehemu kubwa ya jasi iliyotumika Ujerumani kwa miongo kadhaa haikuchimbwa. Ilipatikana kwenye mitambo ya umeme ya makaa ya mawe, pale moshi unapooshwa ili kuondoa salfa. Kwa kuwa thamani yake ni ndogo sana ukilinganisha na umeme unaouzwa, kanuni za hesabu zinaibebesha mzigo mdogo tu wa uchafuzi wa mtambo. Kigae kinatoka kikiwa na namba nyepesi. Ujerumani imejipangia kuachana na makaa ifikapo mwaka 2038 hata ikichelewa, na mitambo ikifungwa jasi hiyo inakwisha. Kwa hiyo namba ya leo inaegemea kwenye mtambo ambao nchi yenyewe imeamua kuuzima.

Kuna pia mitego midogo midogo. EPD moja inahesabu vigae peke yake, nyingine inahesabu pamoja na nguzo. Moja ina nguzo za milimita 150, nyingine za milimita 600. Kiwango cha EN 12825 kina madaraja sita ya nguvu, kuanzia mzigo wa kilonyutoni 4 hadi 12, na kulinganisha daraja la 2 na la 6 kwa mita ya mraba ni sawa na kulinganisha baiskeli na lori. Hata hifadhidata ambayo mtaalamu ameichagua, Ecoinvent au ile ya Sphera, inaweza kubadilisha jibu. ISO 14025 yenyewe imeweka masharti ya lini matamko mawili yanaweza kulinganishwa, lakini masharti hayo hayamo kwenye fomu za zabuni.

Pamoja na hayo yote, nasimama upande wa EPD. Namba yenye kasoro zinazojulikana inaweza kusahihishwa, wakati ahadi ya kwenye kipeperushi haina hata mahali pa kuanzia. Kinachonisumbua ni namna tunavyoizawadia. Mfumo wa LEED, ule wa Marekani wa kuyapa majengo alama za kimazingira, katika toleo lake la nne, ulitoa pointi kwa mradi uliokusanya angalau bidhaa 20 zenye matamko kutoka kwa watengenezaji watano au zaidi. Hapo unapewa pointi kwa idadi ya karatasi, si kwa namba iliyo ndani. Kwa mwanzo ilisaidia kuamsha soko. Kwa sasa haitoshi.

Na wanaoumizwa zaidi ni watu ambao ningependa wapate zabuni zote: wanaotengeneza upya sakafu za zamani. Kwa kuwa kigae ni sentimita 60 kwa 60 tangu zamani, kilichotolewa kwenye jengo moja kinaweza kuingia kwenye jingine. Uingereza kuna kampuni zinazofanya kazi hii: zinavikusanya vigae, zinavikagua, zinavisafisha, zinapima nguvu yake na kuviuza tena. Kwa kanuni za EN 15804, mzigo wa utengenezaji wa kwanza unabaki kwenye maisha ya kwanza, na kigae kilichorudishwa kinahesabiwa usafiri, usafi na vipimo tu. Hakuna kiwanda cha vigae vipya kinachoweza kushindana na hapo. Lakini kampuni ya namna hii ina mzigo tofauti kila mwezi, umri tofauti, watengenezaji tofauti, na mara nyingi haina fedha za mtaalamu wa tathmini. Mradi unaohitaji karatasi utanunua kipya chenye EPD na kukiacha cha zamani kisicho nayo.

Upotevu wenyewe unatokea kwenye B na C. Hesabu za wataalamu wa Uingereza huchukulia jengo la miaka 60 na sakafu ya kuinuliwa ya miaka 30, yaani inabadilishwa mara moja. Mpangaji mpya asiyependa mpangilio wa mwenzake anaweza kuing'oa ikiwa na miaka 10. Chuma na jasi havijachakaa. Hakuna tofauti ya asilimia chache kati ya viwanda viwili inayoweza kufidia sakafu nzima iliyotupwa mapema.

Kwa mkadiriaji majenzi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeagiza vigae kutoka Ulaya au Asia, kuna jambo moja zaidi. Hatua za C na D kwenye EPD ya Ulaya zimeandikwa kwa mazingira ya Ulaya: chuma kinatenganishwa, mbao inachomwa kwenye mtambo unaozalisha umeme, na mkopo wa umeme huo, yaani kaboni inayohesabiwa kuwa imeokolewa, unaandikwa kwenye D. Kwetu chuma kitaokotwa, maana wanunuzi wa skrepa hawaachi kitu, lakini ule ubao unaweza kuishia jaani au jikoni. Mkopo wa umeme usio na mtambo haupaswi kuingia kwenye hesabu ya jengo letu. A4 nayo lazima ihesabiwe upya, kutoka bandari ya kule hadi eneo la ujenzi, na kwa aina ya jasi, kilo 54 kwa kila mita, safari ya lori kutoka Mombasa kwenda Nairobi si ya kupuuza hata kama meli yenyewe ni nafuu kwa kila tani.

Ningeanza zabuni hivi: kwanza ukaguzi wa sakafu iliyopo, na sababu ya kimaandishi kama haitatumika tena. Pili, daraja la nguvu linaloendana na matumizi halisi, kwa sababu daraja la ziada ni chuma cha ziada. Tatu, vigae vilivyorudishwa vikubaliwe kwa cheti cha vipimo vya nguvu hata bila EPD. Ndipo vipya vishindanishwe, kila kimoja kwa tamko lake chenyewe na si la wastani wa sekta, pamoja na nguzo, kwa urefu uleule, A hadi C zikijumlishwa na D ikibaki pembeni.