Deki ya broo na vita vya watu wengine

Juzi umeme ulirudi kwa hasira nyumbani kwa mama Mbagala, ile kurudi ya kishindo mnayoijua, TV ikatoa moshi kidogo ikalala mazima. Kwa hiyo Jumamosi nikajikuta Kariakoo, jua la saa saba, natafuta TV ya mtu ambaye matumizi yake ni mawili tu, taarifa ya habari saa mbili usiku na tamthilia za Kituruki. Kijana wa dukani akanipokea vizuri, "karibu mzee wangu" (mzee wangu! nina miaka 43), akaanza kunipandisha bei taratibu, hii HD, hii Full HD, hii 4K, halafu akashusha sauti utadhani ananiuzia dhahabu ya magendo: "lakini mzee kama unataka kitu cha kukaa nacho, chukua 8K, hizi zingine zinapitwa."

Nikamuuliza, nikishaichukua naangalia nini? Muvi za 8K unazo? Akacheka. "Zitakuja mzee."

Zitakuja. Hilo neno nalijua mimi, lilishawahi kuingia nyumbani kwetu likiwa kwenye begi.

Desemba 2007 broo alikuja likizo kutoka Texas, na katikati ya nguo amefungia deki mpya ya HD DVD, zile diski za picha safi zilizokuwa zinashindana na Blu-ray kuirithi DVD, imeviringishwa kwenye jinzi mbili isigongwe. Aliipata kwenye ofa za kabla ya Krismasi, chini ya dola 100, na diski nne juu. Alikuwa na raha huyo! Tukakusanyika sebuleni, mama, majirani, watoto wa majirani. Deki ni ya volti 110 kwa hiyo kwanza tukaazima transfoma kwa fundi friji wa mtaa wa pili, linanguruma kama mashine ya kusaga. TV yenyewe chogo la inchi 21. Tukachomeka zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, picha ikaja, watu kimya, halafu mama akauliza kwa upole kabisa, "mbona ni kama zile zile?" Broo akasema tatizo TV mama, tukipata flati utaona, na muvi zenyewe bado chache ila zitakuja.

Tarehe 19 Februari 2008 Toshiba, wakubwa wa kambi ya HD DVD, wakatangaza wanaachana nayo. Broo hata hajamaliza kuwaonyesha watu picha za likizo.

Sasa kuna watu nikiwasimulia hii wananiambia ah, hiyo ndo biashara, aliyewahi amewahi, aliyekosea amekosea. Hapana. Tuelewane hapa maana ndo panaponichoma. Zile diski mbili, HD DVD na Blu-ray, zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Upana sentimita 12 zote mbili. Leza ni ile ile ya buluu ya nanomita 405. Namna za kubana picha zile zile tatu, MPEG-2, VC-1 na AVC. Hata kufuli la kuzuia watu kunakili lilikuwa moja, AACS. Walipotofautiana hasa ni data ilale kina gani ndani ya plastiki: Blu-ray waliiweka milimita 0.1 tu kutoka juu, HD DVD wakaiacha kwenye 0.6 kama DVD ya kawaida, ndo maana HD DVD iliweza kutengenezwa na mitambo ya zamani ikiguswa kidogo, na ndo maana Blu-ray inabeba GB 25 kwa tabaka moja wakati mwenzake anabeba 15. Haya, ni tofauti ya kweli, mainjinia wabishane. Ila ubishi wa mainjinia ukiachwa peke yake unaisha, watu wanapima, wanakubaliana. Huu haukuisha kwa sababu chini yake kulikuwa na swali la nani atakula mrabaha kwa kila diski na kila deki itakayouzwa duniani kwa miaka ishirini ijayo, na hilo ndugu zangu hakuna rula ya kulipima.

Na mtu asiniambie kukubaliana hakuwezekani, maana walishawahi! Mwaka 1995 hawa hawa, Sony na Philips upande mmoja, Toshiba na Warner upande mwingine, kila mmoja alikuwa na diski yake ya kumrithi kanda. Kampuni za kompyuta, IBM wakiwa mbele, zikawaambia bila kumung'unya maneno kwamba hatutaki diski mbili, leteni moja. Wakanuna, wakakaa, ikatoka DVD moja, na DVD ikawatajirisha wote. Miaka kumi baadaye, 2005, wakajaribu tena kukaa mezani wakashindwana, safari hii hakukuwa na mtu wa kuwakunja masikio. Wateja sisi masikio ya mtu hatuna uwezo wa kuyakunja, sisi tuna pochi tu, na pochi wanaisikiliza ikishatoa hela.

Basi wakagawana studio za muvi kama watoto wanaogawana timu ya chandimu. Sony, Disney na Fox huku Blu-ray. Universal kule HD DVD. Warner miguu yote miwili. Paramount nao walikuwa kote kote, halafu Agosti 2007 wao na DreamWorks Animation wakahamia HD DVD peke yake, na magazeti ya Marekani yakaandika kwamba kulikuwa na kama dola milioni 150 za kuwatia moyo. Milioni mia na hamsini, za kumzuia mtu aliyenunua deki ya kambi nyingine asione muvi. Halafu mnashangaa hela yetu imekuwaje ya kuchezea hivi.

Hesabu kidogo. Aprili 2006 deki ya kwanza ya Toshiba imeingia Marekani kwa dola 499. Juni Samsung wakaleta Blu-ray ya kwanza, dola 999, hiyo ni zaidi ya milioni moja na laki mbili kwa shilingi za wakati ule. Ukitaka kuona muvi za kila studio kwa picha safi inabidi uwe nazo zote mbili, unakaribia dola 1,500 na bado hujanunua hata diski moja. Bado TV, maana bila flati la HD unaona kile alichoona mama. Bado waya wa HDMI, na kama una redio ya sinema nyumbani bado na hiyo. Januari 2007 LG wakatangaza deki moja inayosoma zote mbili, dola 1,199, yaani suluhisho la ugomvi wao wakakuuzia wewe. Na ukishamaliza yote hayo unaanza kununua upya muvi ambazo unazo, ulikuwa nayo kwenye kanda, ukaja kuinunua kwenye DVD, sasa unainunua tena, na 2016 wakaleta 4K, nunua tena. Muigizaji ni yule yule, anakufa dakika ile ile.

Tena hata waliobahatisha upande wa mshindi walipigwa. Deki za mwanzo za Blu-ray zilitoka kabla sheria zake zenyewe hazijakamilika, nyingine hazina hata tundu la intaneti, kwa hiyo diski zilipokuja na vikorombwezo vya baadaye, wale waliotoa dola 999 wakaambiwa muvi mtaona ila vikorombwezo hapana. Waliopona vizuri ni wa PS3, mashine ya gemu ya Sony, mtu amenunua gemu akajikuta ana deki ya Blu-ray, na inajisasisha yenyewe. Hiyo ndo ilimaliza kazi kwa kweli, nakiri Sony waliucheza vizuri. Warner walipotangaza tarehe 4 Januari 2008 kwamba wanahamia Blu-ray jumla, siku chache kabla ya maonyesho ya elektroniki ya CES Las Vegas, kambi ya HD DVD ikafuta mkutano wake na waandishi. Siku hiyo deki ya broo ilikuwa sebuleni kwetu, chini ya kitambaa cha kufuma, haina habari.

Mwaka uliofuata Warner wakasema mwenye HD DVD yao atume kava na dola 4.95 apewe Blu-ray. Asanteni sana.

Kitu kimoja nitawapa HD DVD, na nawapa kwa shingo upande: hawakuweka mambo ya rijeni. Diski ya Marekani inacheza popote. Blu-ray wakaigawa dunia mafungu matatu, A, B na C, sisi na Ulaya tukatupwa B, Marekani A. Kwa hiyo broo alipokuja tena miaka kadhaa baadaye na Blu-ray tatu za zawadi (huyu mtu hajifunzi), deki niliyokuwa nimeagiza Dubai ikazitema zote. Diski halali, imelipiwa kodi na kila kitu, inakataliwa na deki halali. Wakati huo huo ile deki ya HD DVD, ambayo diski zake zilishakufa sokoni, ilikuwa inameza bila shida diski za muvi ishirini kwa moja za hapa hapa Kariakoo, zile za kuchoma, picha imebanwa mpaka sura za watu zina vumbi, kwa sababu mchomaji hana kamati ya kugawa dunia mafungu. Najua ni wizi, najua umewaumiza watu wetu wa Bongo Movie vibaya sana. Nasema tu mwizi alikuwa ananihudumia vizuri kuliko mwenye mali.

Na msione ni mambo ya Marekani na Japani hayo. Hapa kwetu matangazo ya TV ya analojia yalipozimwa Dar mwisho wa 2012 tuligeuka makabati ya ving'amuzi, chaneli hii iko kwa huyu, mpira uko kwa yule, rimoti nne mezani. Wakenya ndo waliona kubwa, walioharakia ving'amuzi vya DVB-T mwanzoni wakaja kuambiwa nchi imehamia DVB-T2, mfumo mpya ambao ving'amuzi vyao haviusomi. Rafiki yangu wa Nairobi alikuwa ameshanunua viwili, kimoja cha kwake kimoja cha wakwe, na hicho cha wakwe ndo kilimletea maneno.

Sawa, Blu-ray nzuri. Nimeona ikicheza kwenye flati linaloeleweka na sina la kusema, hiyo picha bado inaishinda ya kuangalia mtandaoni huku bando linalia. Na diski ikishakuwa kabatini kwako hakuna mtu wa kuja kuifuta usiku. Ila angalia mshindi mwenyewe alipofika: Netflix waliacha kutuma diski 2023, na mwaka 2025 Sony wakaacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia. Vita vyote vile, kwa ajili ya ufalme wa miaka michache.

Broo siku hizi hataki kuizungumzia. Mwaka jana nilimtumia picha ya deki yake WhatsApp, ikiwa imebeba king'amuzi cha mama mgongoni, akajibu kwa emoji ya jeneza.

Turudi dukani. Kijana alikuwa ameshaanza kunionyesha muvi ya maua na nyuki kwenye hiyo 8K, kweli nyuki unamhesabu miguu. Nikamwambia nipe hiyo ya inchi 32 pale kona, ya chini kabisa. Akasikitika kidogo. "Mzee hiyo ni HD ya kawaida." Nikamuuliza ina tundu la flashi? Akasema mawili. Nikalipa.